Folda kwanza, programu baadaye: kujenga tovuti ya kazi zako za sanaa

Mtu anayefuma vikapu vya milulu Iringa, anayepiga picha maua ya Kitulo au anayeandika mashairi akiwa Tukuyu, akitaka kuwa na tovuti yake huuliza kwanza: nitumie WordPress au kitu gani? Kuna maswali mawili yanayotangulia hilo. Siku kompyuta ikiharibika, au anayekuhifadhia tovuti akifunga biashara, utabaki na nini mkononi? Na mtu wa Makete au Ludewa atakayefungua ukurasa wako kwa simu, bando la siku likihesabu, atamaliza megabaiti ngapi ili aone kikapu kimoja?

Ukijibu hayo mawili kwa dhati, zana nyingi zinajiondoa zenyewe. Zinabaki zile zinazoiacha kazi yako katika mafaili ya kawaida kwenye kompyuta yako, zinazofanya kazi hata mtandao ukikata, na zinazotoa kurasa nyepesi.

Folda

Tengeneza folda moja, na ndani yake tatu: asili, wavuti na maandishi. Katika asili weka picha na sauti kama zilivyotoka kwenye kamera au kinasa, na humo usihariri kitu. Wavuti ni ya nakala zilizopunguzwa. Maandishi ni ya mafaili ya maneno matupu yenye mwisho wa .md au .txt, yaliyoandikwa kwa Notepad++ au VS Code. Kwenye simu ya Android, Acode inatosha. Usiandikie Word. Word hugeuza alama za nukuu kuwa za kupinda, na hizo zitakukwamisha mbele, kama utakavyoona.

Majina ya mafaili yawe ya herufi ndogo, tarakimu na kistari tu. Windows haitofautishi Kikapu.JPG na kikapu.jpg, lakini seva za Linux, ambazo ndizo nyingi, zinatofautisha. Ndiyo sababu picha huonekana vizuri nyumbani, kisha ikifika mtandaoni inageuka kisanduku kitupu. Kamera nyingi huandika .JPG kwa herufi kubwa, kwa hiyo badilisha mapema. Nafasi katikati ya jina hugeuka %20 kwenye anwani, na anwani hiyo ikibandikwa WhatsApp ikiwa na nafasi hukatika njiani. Lugha yetu nayo ina mtego wake: ng'. Faili la picha ya ng'ombe wa Isimani liite ngombe-isimani-01.jpg, ile alama ya juu ibaki kwenye maandishi peke yake. Ukitanguliza mwaka na mwezi, kwa mfano 2026-02-kitulo-okidi-01.jpg, mafaili yatajipanga yenyewe hata yakifika elfu.

WordPress, wajenzi wa mtandaoni, au mkono wako

WordPress ilianza 2003 na ni programu nzuri. Inaandikwa kwa PHP na huweka maneno yako ndani ya hifadhidata, MySQL au MariaDB. Inafaa pale ambapo watu watatu au wanne wanaandika pamoja, kila mmoja kwa simu yake, au pale unapotaka duka kamili. Kwa msanii mmoja mwenye kazi arobaini za kuonyesha, ni kubeba mzigo wa lori kwa ajili ya debe moja la viazi. Kila plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea, ni mlango wa kulinda. Usiposasisha, siku moja tovuti yako itaanza kuwapeleka wageni kwenye kamari. Malipo ya seva yakipita tarehe, maneno yote yamo kwenye hifadhidata ambayo huwezi kuifikia. Kuna kitufe cha kuhamisha maudhui, lakini faili la XML linalotoka lina maandishi na anwani za picha, picha zenyewe hazimo. Wengi hugundua hilo baada ya seva ya zamani kuzimwa.

Wajenzi kama Wix ni wepesi kuanza nao, unavuta na kuweka. Tatizo ni mlango wa kutokea: Wix haikuruhusu kuichukua tovuti nzima na kuiweka kwenye seva nyingine. Ukichoka unaanza upya. Malipo nayo ni ya kadi na kwa kawaida kwa fedha za kigeni.

Kwa kurasa zisizozidi kumi, andika HTML (lugha ya kurasa) na CSS (ya mwonekano wake) kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono. Ukurasa wa mwanzo, kazi zako, kuhusu wewe, mawasiliano: hiyo ni wiki moja ya kujifunza jioni, na utakachokijua hakitapitwa. Ukurasa wa HTML ulioandikwa 1998 bado unafunguka leo. Mambo matatu tu usisahau kwenye kichwa cha kila ukurasa: html iwe na lang="sw", meta charset iwe utf-8, na meta viewport iwe na width=device-width, initial-scale=1. Ukikosa la kwanza, au ukiacha lang="en" iliyokuja na kiolezo ulichonakili, programu zinazowasomea wasioona zinaweza kuyatamka maneno yako kwa matamshi ya Kiingereza. Ukikosa la tatu, simu huonyesha ukurasa mzima kwa udogo wa sisimizi.

Zikizidi kumi, kunakili menyu ile ile kila ukurasa kunachosha na makosa yanaingia. Hapo chukua kitengeneza-kurasa: programu inayosoma maandishi yako na violezo vyako, halafu inatoa HTML iliyokamilika. Jekyll inahitaji Ruby, Eleventy na Astro zinahitaji Node.js. Zote ni nzuri, ila kusakinisha kwake kunavuta vifurushi vingi kutoka mtandaoni, na mtandao ukikata katikati unabaki na usakinishaji wenye matundu. Kwa mtu wa huku nyanda za juu, ambaye mvua za masika zikishika umeme na mtandao havina ahadi, nachagua Hugo. Ni faili moja tu. Unalipakua mara moja mjini, unaliweka kwenye flashi, na baada ya hapo unaweza kukaa Matamba wiki mbili bila mtandao ukijenga tovuti.

Hugo kwa utaratibu

Pakua toleo ambalo jina la faili lake lina neno extended, kwa sababu themu nyingi (mavazi ya tovuti yaliyoandaliwa tayari) zinalihitaji na bila hilo zinakataa na kosa la Sass, namna nyingine ya kuandika CSS. Kwenye Windows, njia rahisi ni kuweka hugo.exe ndani ya folda ya tovuti yenyewe na kuita .\hugo.exe. Faida yake ni kubwa kuliko urahisi: programu na tovuti vinazeeka pamoja. Hugo hubadilika. Toleo 0.146 la mwaka 2025 lilipanga upya folda za violezo, na themu za zamani zikaanza kulalamika. Ukiwa na faili lile lile ulilojengea, tovuti yako itajengeka hata miaka kumi ijayo. Andika namba ya toleo kwenye faili la SOMA.txt.

Amri ni nne. hugo new site tovuti inatengeneza mifupa. hugo new content kazi/kikapu-cha-milulu.md inafungua kazi mpya. hugo server -D inakuonyesha tovuti kwenye kivinjari kwa anwani localhost:1313, na kila ukihifadhi faili inajisasisha. hugo peke yake inajenga kila kitu ndani ya folda ya public, na hiyo ndiyo inayopelekwa mtandaoni.

Sasa mitego, maana ni hapa watu wanapokata tamaa.

Ukurasa hauonekani baada ya kujenga. Faili jipya huja na draft = true, na -D ndiyo iliyokuwa inakuonyesha rasimu. Geuza iwe false.

Bado hauonekani. Angalia tarehe. Hugo haichapishi ukurasa wa siku za mbele, na tarehe uliyoandika kwa mkono bila kutaja majira huisoma kama UTC, majira ya dunia yaliyo saa tatu nyuma ya yetu. Ukiandika 08:00, yaani saa mbili asubuhi ya kwetu, kwa UTC hiyo ni saa tano asubuhi yetu. Ukijenga saa tatu, Hugo inaona saa hiyo haijafika. Weka kwenye hugo.toml, faili la mipangilio ya tovuti, mstari timeZone = 'Africa/Dar_es_Salaam' na yataisha.

Kichwa chenye ng' kinavunja ujenzi. Faili jipya huja na title ndani ya alama moja moja, kama title = 'Kikapu'. Ukibadilisha kuwa 'Ng'ombe wa Isimani', alama ya ng' inahesabiwa kuwa mwisho wa kichwa. Tumia alama mbili: "Ng'ombe wa Isimani". Na ziwe zilizonyooka. Zile za kupinda kutoka Word au kutoka baadhi ya kibodi za simu hazitambuliwi kabisa.

Kisha kuna jambo ambalo halivunji kitu ila lina usumbufu. Hugo hupamba maandishi kwa kugeuza alama iliyonyooka ya ng' kuwa ya kupinda. Kwa macho ni sawa. Kwa kisanduku cha kutafuta ulichokiweka mwenyewe, anayeandika ng'aro hatapata chochote kwa sababu alama hazilingani. Zima kwa kuandika disable = true chini ya [markup.goldmark.extensions.typographer].

Weka pia defaultContentLanguage = 'sw' ili miezi iandikwe Januari na Februari pale kiolezo kinapotumia muundo wa :date_long. Themu iliyofungia muundo wa tarehe wa Kiingereza ndani yake itabidi uiguse mwenyewe.

Ukitaka kuona tovuti kwenye simu kabla ya kuipeleka popote, washa hotspot ya simu (bando si lazima), unganisha kompyuta, tazama namba ya IP ya kompyuta, kisha endesha hugo server --bind 0.0.0.0 --baseURL http:// ikifuatwa na namba hiyo. Fungua anwani hiyo hiyo kwenye simu, ukimalizia na :1313. Ikigoma, aghalabu ni ukuta wa moto wa Windows, ruhusu hugo.exe.

Chagua themu yenye mafaili machache. Fungua folda yake uhesabu: ikiwa na mafaili makubwa ya JavaScript kwa ajili ya picha zinazoteleza na vitu vinavyochomoza, iache. Vichwa vya Kiswahili vina maneno marefu, na herufi kubwa ya themu ya Kiingereza humwagika nje ya kioo cha simu. Jaribu neno "yanayotengenezwa" kwenye kichwa cha juu kabisa. Likimwagika, punguza ukubwa au weka overflow-wrap: break-word. Fonti nazo tumia zile za simu yenyewe, font-family: sans-serif au serif. Ukitaka fonti yako lazima, iwe moja, ya woff2, na ihifadhiwe kwenye tovuti yako.

Picha

Hapa ndipo tovuti ya msanii inapofaulu au kufa. Picha ya simu ya kisasa ni kama megabaiti 4. Ukurasa wa vyungu kumi na viwili vya Ikombe vilivyopigwa hivyo ni megabaiti 48. Kwa mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, ambao huenda kilobaiti 125 kila sekunde, hizo ni dakika sita na zaidi. Hakuna mtu atakayesubiri. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1600 na kuwekwa katika WebP, muundo wa picha nyepesi, kwa ubora wa 78, mara nyingi zinatua karibu na kilobaiti 200 kila moja. Jumla megabaiti 2.4, sekunde kumi na tisa kwa mtandao ule ule, na ukitumia loading="lazy" anayeanza kusoma hasubiri zote. Ile ya kwanza juu usiipe lazy, itachelewa bure.

Kwa picha moja moja tumia Squoosh kwenye kivinjari. Picha inachakatwa ndani ya kompyuta yako, haisafiri kwenda kwa mtu. Kwa folda nzima tumia ImageMagick, ukiwa ndani ya folda ya asili:

magick mogrify -path ../wavuti -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 78 -strip -format webp *.jpg

Kila neno hapo lina kazi. Bila -path, picha za muundo ule ule zingeandikwa juu ya za asili. Kuitaja daima ni kinga. Alama ya > inazuia picha ndogo kukuzwa, na isipofungwa ndani ya nukuu, terminali huielewa kama amri ya kuandika faili. -auto-orient lazima ije, maana -strip hufuta kumbukumbu inayosema picha isimame vipi, na ukiisahau kikapu kitalala ubavu. -strip hufuta pia wasifu wa rangi. Kwa picha za sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa wavuti, hakuna shida, lakini iPhone hupiga kwa Display P3, na rangi ya udongo mwekundu au ya milulu iliyotiwa rangi hufifia. Picha za namna hiyo zibadilishe kwanza kuwa sRGB kwenye GIMP au programu nyingine ya picha.

Kwa nini basi tufute? Kwa sababu picha ya simu mara nyingi imebeba GPS ya mahali ilipopigwa. Kwa mfumaji, hiyo ni nyumba yake. Kwa mpiga picha wa Kitulo ni zaidi: mizizi ya okidi za nyanda za juu imekuwa ikichimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na picha yenye nukta ya GPS ni ramani ya mchimbaji. Andika "Kitulo", inatosha.

Safisha kabla ya kupakia mara ya kwanza. Kuna vitu viwili vinavyorudisha picha uliyodhani umeifuta. Hugo haiondoi mafaili ya zamani kwenye public, kwa hiyo ifute folda hiyo kabla ya kila ujenzi. Na Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili na kuyapeleka mtandaoni, hutunza historia: picha iliyoingia kwenye hifadhi ya wazi inabaki kuonekana kwenye matoleo ya nyuma hata ukiiondoa leo.

Kila picha ipewe width na height ili maandishi yasirukeruke picha zikiingia, na alt inayosema kilichomo: "Kikapu cha milulu chenye mistari miekundu, mfuniko pembeni". "Picha 1" haimsaidii asiyeona wala anayetafuta.

Sauti hesabu yake ni rahisi. Shairi la dakika tatu katika WAV ya kawaida ya stereo ni karibu megabaiti 32. Katika MP3 ya kilobiti 96 ni kama 2.2. Weka preload="none" ili bando lisiguswe mpaka msikilizaji abonyeze. Video iache YouTube, na kwenye ukurasa weka picha yenye kiungo badala ya kupachika kichezeshi chenyewe.

Pa kuiweka na jina lake

GitHub Pages ni bure kwa hifadhi ya wazi, tovuti isizidi gigabaiti 1. Haikukusudiwa kuwa duka, kwa hiyo kama biashara ndiyo shabaha, Cloudflare Pages inafaa zaidi: mpango wake wa bure unaruhusu mafaili 20,000, kila moja lisizidi mebibaiti 25. Neocities inatoa gigabaiti 1 bure na ni sehemu ya watu wanaopenda kutengeneza kwa mkono, lakini akaunti ya bure haikubali kikoa chako (jina lako la tovuti) wala mafaili ya MP3.

Sababu yangu kubwa ya kupendelea Git kuliko FTP, njia ya kupakia faili moja moja kwenye seva, ni umeme. Ukikatika katikati ya FTP, nusu ya tovuti ni mpya na nusu ya zamani, na wageni wanaiona hivyo. Ukikatika katikati ya git push, amri ya kupeleka, hakuna kilichobadilika. Umeme ukirudi unasukuma tena.

Kosa linalowapata karibu wote siku ya kwanza GitHub: tovuti inatokea bila rangi wala mpangilio. Anwani yako ni jina.github.io/tovuti/, lakini CSS inatafutwa jina.github.io/css. Kwenye hugo.toml weka baseURL kamili pamoja na /tovuti/ mwishoni, na kwenye violezo tumia relURL badala ya kuanza na mkwaju (/). Ukisukuma public moja kwa moja, ongeza faili tupu liitwalo .nojekyll kwenye static, la sivyo folda zinazoanza na mstari wa chini zitarukwa.

Jina la tovuti: .me.tz ni ya watu binafsi, .co.tz ni ya biashara. Unasajili kupitia msajili aliyeidhinishwa. Kikoa kiandikwe kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama fundi ndiye anayekufanyia kazi. Fundi akisajili kwa jina lake, siku mkikosana au akihama Mbeya huna tovuti. Barua pepe hiyo isiwe ya kikoa kile kile, kwa sababu kikiisha muda, ilani ya kulipia inaenda kwenye sanduku lililozimika. Kwa GitHub, kwenye mipangilio ya kikoa (DNS) unaweka rekodi nne za A, kuanzia 185.199.108.153 hadi 185.199.111.153 (inayobadilika ni namba ya tatu), na CNAME ya www kwenda jina.github.io. Cheti cha HTTPS hutolewa bure, lakini subiri rekodi zienee kabla ya kukiwasha.

Fomu ya mawasiliano haiwezekani bila seva, na kwa kweli huihitaji. Kiungo cha wa.me kikifuatwa na namba yako, ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele, kinafungua WhatsApp moja kwa moja. Fungua laini ya kazi, ya nyumbani usiiweke. Ukianza kukusanya majina na namba za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Ukitaka kuweka habari za matukio pembeni ya kazi zako, soma kwanza kanuni za TCRA za maudhui ya mtandaoni zinazotumika sasa.

Nakala ya folda nzima, pamoja na hugo.exe, iwe kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Kila baada ya miezi michache ifungue moja kwenye kompyuta nyingine na ujenge tovuti kutoka humo. Diski ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

Mwisho wa kazi, azima simu ya bei ndogo, isiyowahi kufungua tovuti yako. Zima Wi-Fi, andika matumizi ya data ya kivinjari kutoka kwenye mipangilio, fungua ukurasa wa mwanzo, uteremke hadi chini, halafu soma tena. Ikizidi megabaiti 1, rudi kwenye folda ya wavuti uanze na picha ya juu.